Biskuti Sita za Mzee wa Draya

Mzee wa Draya hakuamini saa. Alikuwa nayo moja ya mkono, akiivaa Jumapili kwenda kanisani, na hata hiyo ilikuwa imesimama. Kazini alitumia pua. Alisimama mbele ya mashine ya kukaushia majani ya chai, ile ambayo kiwanda kizima kiliita draya, akafumba macho, akavuta hewa kidogo kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili. Halafu akasema "Toa" au "Ngoja". Vijana waliopewa kipimajoto walisubiri kwanza neno lake, ndipo wakakitazama kipimajoto.

"Chai haiungui mara moja," aliniambia nikiwa darasa la tano. "Inanuka kwanza kama mkate. Halafu inanuka kama nguo inayopigwa pasi. Ukisikia pasi, toa. Ukingoja harufu ya tatu, umechelewa."

"Ya tatu inanuka kama nini?"

"Sijui. Mimi sijawahi kungoja."

Haikuwa kweli. Kila mtu katika laini, yaani nyumba za wafanyakazi wa shamba, alijua kwamba alingoja mara moja. Siku alipoletewa habari kwamba mkewe amekufa hospitalini, alibaki amesimama mbele ya ile mashine mpaka chai ya zamu nzima ikaungua, na hakuna aliyethubutu kumgusa bega. Kwa hiyo harufu ya tatu aliijua vizuri sana. Nilipokua nikaanza kupenda kuwakamata watu wazima kwenye uongo wao, huo nilimwachia.

Nyumba yetu na yake zilishikana ukuta. Baba yangu alikuwa karani wa mizani, akipima majani ya wachumaji. Ukuta ule haukufika juu kwenye mabati, kwa hiyo kikohozi cha upande mmoja kilikuwa kikohozi cha pande zote mbili. Sisi tulikuwa Wakipsigis wa hapo hapo. Yeye alikuwa amekuja kutoka milima ya magharibi kutafuta kazi, akakaa. Jina lake alilijua karani wa mishahara. Hata mama yangu, aliyejua kuku wa kila jirani mmoja mmoja, alimwita Mzee wa Draya mbele yake na nyuma yake.

Alikuwa mtu wa kukasirisha kwa sababu hakukaa upande mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa na aliimba besi nzuri, lakini wakati wa watu kusimama kutoa ushuhuda alitoka nje kutazama mvua. "Mungu anajua nilichofanya," alisema. "Sina haja ya kumkumbusha mbele ya watu." Alifanya kazi ya chai miaka yote hiyo lakini nyumbani alikunywa maji ya moto yaliyotiwa tangawizi. Na alidharau kila kitu kilichotoka bangla, ile nyumba kubwa ya meneja juu ya kilima, huku akivaa koti la meneja lililochakaa kwenye viwiko.

"Koti la bangla unavaa," nilimwambia siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa na adabu. "Mbona chakula cha bangla hukutaka?"

"Koti nilipewa mimi mkononi. Chakula hupewa wenyewe kwanza, kikibaki ndiyo unaitwa."

Nilijua kwa nini alijibu haraka hivyo, kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo mwenyewe. Alikuwa anazungumza juu ya biskuti.

Mkewe alikuwa yaya huko bangla. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliwasha moto katika jiko la nje, akatandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sahani ya bati juu ya mchanga, na juu ya sahani akapanga biskuti za oti, ile nafaka iliyopondwa ambayo Wazungu walipikia uji wa asubuhi. Ndani yake alichanganya chokoleti iliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Alifunika sufuria, akaweka makaa juu ya kifuniko. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa sita, wakati mwingine saba.

Halafu nilimsikia kupitia juu ya ukuta akimwambia mumewe.

"Baba, onja moja tu. Iko tamu."

"Mimi si mtoto."

"Kwani watoto peke yao ndio wana ulimi?"

"Sili makombo ya bangla. Nimesema."

Hakubishana naye. Nilisikia ndara zake zikizunguka nyumba, mlango wetu ukasukumwa, na mkono wake ukatoka kwenye mfuko wa aproni na biskuti mbili zenye joto. "Haya, katoto. Usile kwa haraka." Hayo yaliendelea kwa kama miaka miwili, miaka ya mwanzo ya uhuru. Kisha, wakati wa mvua ndefu, akashikwa na homa ya mapafu. Nilikuwa na miaka minane.

Mama yangu ndiye aliyeenda kumsaidia jirani yake wa ukuta, sasa mjane, kukunja nguo za marehemu. Chini ya sanduku, ndani ya kitambaa cha kichwa, walikuta kopo la oti lililobaki nusu na kipande kirefu cha chokoleti ambacho hakijafunguliwa, vyote vikiwa na karatasi ya malipo ya duka la Mhindi la Kericho mjini. Mama alisimulia mara nyingi namna mzee alivyokaa kitandani akaishika ile karatasi.

"Kumbe alikuwa ananunua," alisema mzee. "Kumbe alikuwa ananunua mwenyewe."

Hayakuwa makombo. Hayakuwa makombo hata siku moja.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mlangoni kwetu, kofia mkononi, akasema na mama yangu kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, nimekuja kuomba ulimi wa mtoto wako."

"Huyu?" mama akacheka. "Ulimi wake ulivyo mrefu! Chukua wote, utatupumzisha."

Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu. "Mimi sikuwahi kula zile biskuti. Wewe ulikula. Katika dunia hii hakuna mwingine wa kuuliza. Nitakuwa napika, wewe unaonja. Siku utakaposema ndiyo hii, nitakula na mimi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sina haki."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza.

Za kwanza zilikuwa balaa. Alijua kwamba Wazungu hutia unga fulani ili vitu viumuke, na kwa kuwa hakujua jina lake, alitia kilichokuwa jikoni kwa kila mtu: magadi. Zilitoka na rangi ya kijani kibichi pembeni, na povu. Niliuma nikatema mlangoni.

"Mzee, hii ni sabuni!"

"Ni magadi. Mama yako hutia kwenye mboga, mboga inalainika."

"Basi ungetia na mboga yenyewe," mama akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, "tumalize kila kitu kwa sufuria moja."

Laini nzima ilicheka wiki nzima. Mwanamume kupika katika nyumba ambayo haina mke, hilo walilielewa. Mwanamume kukaa chini Jumamosi akifinyanga vitu vitamu kwa vidole, hilo lilihitaji maelezo, na yeye hakutoa. Wanawake waliporudi kutoka shambani na vikapu mgongoni walimpigia kelele: "Mzee, tubakishie!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Leteni ulimi wenye akili kwanza."

Aliposhindwa kwa njia ya jikoni, alirudi kwenye njia aliyoijua. Alizipika biskuti kama chai. Sitii chumvi katika hadithi hii. Alitandaza oti juu ya wavu wa waya, akaziweka dirishani upepo uzipitie, kama majani yanavyonyaushwa kabla ya kukatwa. Alichanganya siagi ya ng'ombe wa jirani, sukari nguru iliyotoka kwao, yai moja, unga wa ngano konzi moja, chumvi kidogo. Kisha akafunika lile donge kwa kitambaa chenye maji na kuliacha "likomae", akilifunua mara kwa mara kutazama rangi, kwa sababu jani la chai lililochachuka vizuri hugeuka rangi ya shaba. Nilimwambia kwamba donge si jani. Akasema, "Kila kitu kibichi kinataka kupumzika kabla ya moto. Hata wewe."

Sufuria ya mchanga aliiacha. Alilaza debe la mafuta kwa ubavu juu ya makaa, akatengeneza kifuniko cha bati, akatoboa tundu moja ukubwa wa kidole. Tundu lile lilikuwa la pua. Alipiga magoti, akaweka uso karibu mpaka nyusi zikaanza kukunjamana kwa joto. Mkate. Ngoja. Pasi. Toa. Zilitoka sita, hudhurungi, chokoleti imelegea juu yake kama matope ya barabara yetu baada ya mvua ya mawe. Debe halikukubali ya saba; ya saba ilishikana na nyingine. Moja ilikuwa yangu, nne zilikwenda kwa mama na majirani, na moja alikaa nayo kwenye kiganja akiingojea hukumu yangu.

Nilitafuna. Alinitazama mdomo.

"Bado," nilisema.

"Bado namna gani?"

Na hapa ndipo ninapotakiwa kusema ukweli, kwa kuwa nimewadai watu wengine ukweli kwa kelele nyingi. Zile za magadi nilizikataa kwa haki. Hata mbili tatu zilizofuata. Lakini baada ya hapo aliuliza "bado namna gani", na mtoto wa miaka tisa anayeulizwa na mtu mzima kwa heshima kama hiyo hawezi kusema hajui. Nilisema lolote lililonijia. Zilikuwa laini zaidi. Zilikuwa na chumvi zaidi. Mwaka mmoja nilisema zile za mkewe zilikuwa na moshi kwa mbali, na kwa msimu mzima mzee yule alizunguka akitafuta kuni, leo za mti huu, kesho za mti ule, akibadilisha makaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu ya neno ambalo nilikuwa nimeliokota hewani.

Ile ya sita, ya kiganjani mwake, alimpa yeyote aliyepita. Hakuila.

Nilikwenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu Nairobi, na kila likizo niliporudi debe lilikuwa tayari. Aliniita Profesa kuanzia siku barua ya chuo ilipofika. Nilikuwa nimejaa maswali. Nilihoji kanisa, nilihoji serikali, nilihoji kwa nini shamba lilikuwa na bangla moja na laini mia. Baba aliacha kula pamoja nami. Mama aliniombea kwa sauti ya juu makusudi. Mzee wa Draya peke yake ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, akipuliza makaa.

"Kwa hiyo Mungu umemmaliza, Profesa?"

"Bado naendelea naye."

"Ukimaliza uje unipe majibu, nijue kama niendelee na besi." Akafungua debe. "Lakini kwanza onja."

"Bado," nilisema, nikiwa na digrii nusu kichwani.

Mwaka wa mwisho, mwalimu mmoja alitupa swali la insha: unajuaje kwamba unakijua unachokijua? Niliandika kurasa kumi na mbili bila kupumua. Nilibomoa kila kitu. Nilipokuwa nikizisoma tena, nikajipongeza, lile swali likageuka likaniangalia. Biskuti zile zilikuwa na ladha gani?

Nilikaa kitandani nikajaribu. Niliupata mkono wa yule mama, ukinuka sabuni ya kipande. Nilipata joto la mfuko wa aproni, ndara zake zikizunguka nyumba, punje ya oti iliyokwama kwenye pengo la jino langu la mbele. Nilipata sauti yake ikisema nisile kwa haraka. Ladha yenyewe haikuwepo. Nilienda dukani nikanunua biskuti za kila aina zilizokuwepo, nikakaa nazo chumbani kama mgonjwa. Hakuna kilichorudi. Na nadhani haikuwa imepotea juzi. Ilikuwa imepotea zamani, huenda kabla ya zile za magadi kuisha mdomoni. Nilikuwa nimemhukumu mtu miaka kumi na mbili kwa kipimo ambacho sikuwa nacho.

Ningeweza kumwandikia barua. Sikuandika. Likizo iliyofuata nilipata kazi ya muda Nairobi, na nilishukuru.

Alistaafu katikati ya hayo akahamia Londiani, ambako alikuwa amenunua kipande cha ardhi pamoja na watu wa kanisa lake, juu kwenye baridi, akalima viazi. Mama ndiye aliyeniambia mwaka jana. "Mzee wako pua imekwisha. Vumbi la chai limeila. Nasikia juzi nusura nyumba ishike moto, na yeye amekaa hapo hapo."

Nilienda mwezi wa saba, Jumamosi ya mwisho, wakati ukungu wa huko hauondoki mpaka saa tano. Nilimkuta nje ya nyumba ya mbao, amevaa koti lile lile, sasa limebaki zaidi viraka vya akina mama wa kanisani. Alikuwa amepungua. Debe lilikuwa lile lile pia, jeusi kabisa.

"Profesa! Umekuja na ulimi?"

"Nimekuja nao, Mzee."

"Basi kaa. Nimenyausha oti tangu jana."

Sikujua kama aliambiwa ninakuja au alinyausha oti kila Ijumaa bila kujua. Sikuuliza. Nilimtazama akifanya kazi. Alikata chokoleti polepole, na vipande vilitoka punje za mahindi vile vile. Alipanga sita. Alifunga kifuniko, akapiga magoti kwa shida, akaweka uso kwenye tundu. Tukazungumza juu ya viazi, juu ya barafu iliyounguza majani. Nilisikia harufu ya mkate. Nikasubiri aseme ngoja, hakusema. Nikasikia harufu ya pasi. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, anavuta hewa kidogo kidogo, kwa uangalifu mkubwa, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Mzee," nilisema. "Toa."

Alifumbua macho. Alinitazama, na nikajua kwamba hapo ndipo alipoamini mwenyewe kile watu walichokuwa wakimwambia. Kisha akafungua. Zilikuwa zimeungua kidogo chini, pembeni tu.

"Wewe ndiye pua sasa," alisema. "Haya. Onja."

Nilichukua moja, nikapuliza, nikauma. Alishika ya sita kwenye kiganja. Ilikuwa nzuri. Kama kuna mtu amewahi kupika biskuti nzuri kuliko ile, sijakutana naye. Neno moja lilitosha. Neno lenyewe ni dogo, na nani angelikagua? Nilikuwa nimekuja safari yote hiyo nikiwa nimeamua kulisema.

"Eeh?" akauliza. "Ndiyo hii?"

"Sijui, Mzee."

Akasogea karibu.

"Sikumbuki. Zile za yule mama, sikumbuki zilikuwaje. Nakumbuka mkono wake. Nakumbuka aproni. Ladha sina."

"Tangu lini huna?"

"Nadhani tangu mwanzo."

Makaa yalitoa mlio. Alitazama chini, kwenye biskuti iliyokuwa mkononi mwake.

"Na ule moshi?"

"Nilijitungia."

"Nilikata mti wa watu kwa ajili ya ule moshi."

"Najua. Nisamehe, Mzee."

"Na ile ya magadi?"

"Ile ilikuwa mbaya kweli."

Alianza kucheka, kwanza mabega tu, halafu kikohozi kikamshika, akacheka ndani ya kikohozi mpaka machozi. Nilimshika mgongo. Alipotulia alijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Kwa hiyo hakuna mwenye kujua," alisema. "Mimi nilikataa, wewe umesahau." Aliifikiria habari hiyo, akiigeuza biskuti. "Hakuna wa kuniruhusu."

"Hakuna."

"Niambie inanuka namna gani. Mimi siipati."

Nilivuta hewa kama alivyonifundisha, kidogo. "Kama mkate," nilisema. "Halafu kama nguo inayopigwa pasi. Halafu chini kuna kitu kimeungua, lakini ni kidogo."

"Hiyo ndiyo ya tatu," alisema. "Hiyo naijua."

Akaila. Hakuila kwa haraka. Alikuwa na meno machache na alitafuna upande mmoja, akisimama katikati kama mtu anayesubiri zamu nyingine ianze, kisha akiendelea. Makombo yaliyoanguka kwenye koti aliyaokota moja moja, akayala pia.

"Iko tamu," alisema.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye viazi. Alinyoosha mkono akachukua ya pili.

"Aliniambia iko tamu."